Kanyaga, Shika, Achia

"Mwambie akanyage," alisema Eugène kutoka chini ya gari.

Samira alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya uwanja, mguu wake wa kulia umeviringishwa kitambaa. Aliposikia hivyo alinyoosha mgongo, akakohoa kusafisha koo, akaugeukia mlango wa gari. Ndani, nyuma ya usukani, mama mmoja mrefu aliyejifunga kitenge cha kwaya alikuwa ametazama mbele moja kwa moja, kana kwamba mbele yake palikuwa na barabara, wala si ukuta wa jiko na kuku wawili.

"Mama," Samira akaanza, "mukwe wako iko anakusalimia huko chini. Anauliza umeamuka aje. Anasema tena, kama hautaona mubaya, na kama guu yako haina maumivu, anaomba ukanyage ile pedali."

"Nimeamuka muzuri," yule mama aliujibu ukuta wa jiko. "Na ye ameamuka aje?"

"Eugène, anauliza umeamuka aje."

"Samira! Tumeamuka wote! Akanyage!"

Pedali ikashuka. Eugène, amelala chali kando ya gurudumu la nyuma, akafungua ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, na mafuta ya freni yakaja yakitoa povu ndani ya kopo. Povu ni hewa, na hewa ikibaki kwenye freni, pedali inakuwa laini kama ugali wa jana na gari halisimami. "Ashike!" akaita. "Asiachie, ashike hapo hapo mpaka nifunge!"

Samira akageuka tena. "Mama, unisamehe kukusumbua…"

Na yule mama alikuwa mtu wa adabu. Mtu wa adabu akisemeshwa huacha anachofanya na kusikiliza. Basi akainua mguu kwenye pedali, akageuka, akasikiliza. Mafuta yakanyonywa kurudi ndani, na hewa ikayafuata. Eugène aliisikia ile sauti ndogo, fyuu, akafunga skrubu wakati mambo yamekwisha kuharibika. Aliegemeza paji la uso kwenye chuma na kumwomba Mungu ampe subira.

Msomaji asidhani hawa watu walikuwa wamegombana. Waliheshimiana sana, na ndiyo sababu hawakutazamana. Kwa Wabembe wa pale Baraka, wale walioshika desturi, mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hataji jina lake, na akimwona anakuja kwenye njia anaingia majanini mpaka apite. Jina la mama huyo lilikuwa Adolphine. Eugène hakuwahi kulitamka, hata alipokuwa na homa. Tangu amwoe Constance, alimjua mama mkwe wake kwa kikohozi chake, kwa kishindo cha mchi wake, na kwa sauti yake nzito katika kwaya. Vita vilipomfukuza kutoka shambani kwake Lubondja, mama alikuja kukaa katika nyumba ya jiko kwenye uwanja ule ule, wakaishi kwa zamu: huyu akitoka, yule anaingia. Maneno yote yalipita kwa Constance. Chumvi imekwisha, paa linavuja, mukwe ameshinda na njaa leo, yote yalipita kwa Constance.

Na sasa Constance hakuwapo. Risasi zilipofika soko la Baraka, alipanda na wenzake mpaka Fizi, juu milimani, tumbo likiwa mbele yake. Barabara ikafungwa nyuma yake. Habari zilizoshuka kwa watu wanaopita njia za porini zilisema amejifungua kwa kupasuliwa, kwamba yuko mzima, kwamba mtoto ni msichana mwenye nywele nyingi, na kwamba jina linamngoja baba yake. Eugène alizisikiliza habari hizo amesimama, kisha akakaa chini palepale njiani.

Halafu wakubwa wa vita wakapatana, kwa namna yao ya kupatana. Barabara itafunguliwa kwa ajili ya soko la Jumamosi. Baada ya hapo je? Hakuna aliyekuwa tayari kuapa. Mwanamke aliyepasuliwa hawezi kushuka ile milima kwa miguu na mtoto mgongoni, na katika Baraka nzima magari yenye injini na yasiyo na askari ndani yake yalikuwa machache kuliko majogoo. La Eugène lilikuwa mojawapo. Lilikuwa jipu kuukuu la rangi isiyojulikana tena, lakini injini yake iliitika ukiiita. Lilikosa kitu kimoja tu, na madereva wa njia ile wana msemo wao: kupanda Fizi Mungu anasaidia, kushuka ni freni.

Kesho ndiyo ilikuwa Jumamosi. Wanaume na vijana wote wa mtaa walikuwa kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wamebeba majembe kwenda kuziba mashimo kuelekea mto Mutambala ili barabara ipitike. Eugène alipewa ruhusa abaki atengeneze gari, kwa kuwa wagonjwa wawili kule Fizi nao walitegemea kushuka nalo. Mtaani wakabaki wazee, wanyonyeshao, na Samira, jirani yake, ambaye wiki ile alikuwa amejimwagia mguuni mafuta ya kukaangia mandazi. Samira alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Lakini alikuwa mfupi; ili afikie pedali ilibidi ateleze mpaka kichwa kikazama chini ya usukani, na mguu ukatetemeka kabla kazi haijaanza. Ndipo yule mama alipotoka jikoni mwenyewe, akapangusa mikono, akazunguka gari kwa upande ambao mukwe hayupo, akapanda. Huko Lubondja alikuwa amekanyaga chikichi maisha yake yote, akitoa mawese kwa nyayo, na miguu yake ilikuwa na nguvu za mafahali. Eugène alipoona kitenge kinakuja, alijiingiza chini ya gari upesi kama mjusi.

Kwa hiyo guu lilipatikana, na mdomo wa kupitisha maneno ukapatikana. Ila vile viwili havikukaa kwenye mwili mmoja.

Na kule kukosa freni kulikuwa na habari yake. Mwaka wa kwanza wa vita, askari walipoanza kukusanya magari, Eugène alilivua lake. Magurudumu aliwapa bamama wa kwaya, nao wakayafunika vitenge, wakayakalia na kuimba juu yake muda wote huo bila mtu kushuku. Tiyo za freni, zile bomba nyembamba zinazopeleka mafuta kwenye kila gurudumu, alizifunga kwa majani ya migomba na kuzizika chini ya viazi vitamu. Mkubwa mmoja wa askari alifika, akalikuta gari limesimama juu ya matofali, akapanda, akakanyaga hewa. "Afande, haina freni," Eugène alimwambia kwa huzuni kubwa. Yule mkubwa alicheka, akaondoka na kioo cha pembeni ili asiondoke mikono mitupu.

Ujanja ulikuwa mzuri, ila udongo wa karibu na ziwa hauna urafiki na chuma. Alipozifukua, tiyo zilikatika mikononi kama ndagala wakavu. Akazunguka Baraka yote akitafuta nyingine, akauliza sokoni, akauliza kwa wenye boti, akauliza hata kwa fundi wa redio. Mume wa Samira, Uledi, alimletea kutoka Kigoma chupa moja ya mafuta ya freni ndani ya boti yake, lakini tiyo hakuzipata. Eugène akalala siku kadhaa ameutazama ukuta.

Kisha asubuhi moja Samira akaja akichechemea, kitu kimefichwa chini ya kitenge. Akakitoa. Ilikuwa tiyo ya shaba, nyembamba, ndefu, imezungushwa mviringo juu ya mviringo.

"Imetoka wapi?"

"Kwa muntu."

"Muntu gani?"

"Muntu mwenye roho muzuri na mwenye haya. We tengeneza gari, usiulize."

Eugène hakuuliza. Shaba iliyokaa miaka imekunjwa ni ngumu, ukiinyoosha kwa nguvu inapasuka. Lazima kwanza uipashe moto mpaka iwe nyekundu, uitie majini, ndipo inalegea. Akawasha mkaa, akaiweka. Na moto ulipoikolea, harufu ikapanda. Haikuwa harufu ya shaba. Ilikuwa harufu ya mahindi na muhogo vilivyochacha, kali, tamu, inayoingia puani na kukaa. Harufu ya lotoko, kile kinywaji kikali ambacho mvuke wake hupozwa ndani ya tiyo kama ile, na ambacho mchungaji hukikemea kanisani mpaka jasho limtoke. Ilijaza uwanja wote, ikavuka ukuta. Wazee wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, wakatazamana, wakaendelea kwa shida. Samira alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yakaruka.

Jikoni, mchi ulinyamaza. Halafu sauti nzito ya kwaya ikapanda na wimbo wa kanisa, kwa nguvu, saa ambayo si ya nyimbo.

Basi Eugène akaelewa. Kila mtu pale mtaani alijua kuna lotoko nzuri inatoka mahali fulani, safi kama maji ya mvua. Yeye mwenyewe aliwahi kuionja msibani, akaisifu mbele ya watu, akasema mikono iliyoipika ibarikiwe. Sasa akajua ni kwa nini uwanja wao haukuwahi kukosa sabuni, na nani alinunua zile nguo ndogo za mtoto ambazo Constance alipanda nazo Fizi. Lubondja ilipopotea, ile tiyo ndiyo ilikuwa shamba la mama. Kuitoa ilikuwa sawa na mkulima kutoa jembe lake la pekee. Eugène akabaki ameinamia mkaa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alitamani kushukuru. Lakini angeshukuru kupitia nani? Jambo lenyewe lilikuwa na aibu ya kanisa upande mmoja na heshima ya ukwe upande mwingine. Akafanya kazi. Aliikata kwa vipimo, akapanua midomo ya tiyo polepole kwa chuma chenye ncha ndani ya kibanio cha mti, kwa sababu ukiharakisha mdomo unachanika. Akaipitisha pale zilipopita za zamani, akaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ikabaki kutia mafuta na kutoa hewa, kazi ya watu wawili wanaosikilizana.

Na hapo ndipo tulipowakuta.

"Chupa imebaki kidogo," Eugène alisema sasa kutoka chini. "Samira, nakuomba. Maneno mafupi."

"Ninaweza mafupi. Kwani mi sijui mafupi?" Samira akageuka. "Mama! Mukwe anasema kanyaga!"

Mguu ukashuka. Skrubu ikafunguka, povu likatoka.

"Ashike!"

"Mama, anasema tena…"

Mguu ukapanda. Fyuu.

Mara iliyofuata Samira alipiga kelele neno moja tu, "Shika!", na yule mama akauinua mguu palepale, akamgeukia, akamuuliza kwa upole kama amemfokea yeye au anafukuza mbuzi. Fyuu tena. Chini ya gari Eugène aliinyanyua ile chupa mwangani. Mafuta yaliyotoka hayafai kurudishwa, yametoka na taka. Na yaliyobaki yalikuwa yamelala chini kabisa ya chupa. Alimwona Constance kwenye ile kona ya juu, mtoto mapajani, na pedali inazama mpaka sakafuni bila kitu.

Akaamua kusema mwenyewe. Lakini mtu hamtumi mama mkwe wake. Kuna namna ya zamani ya kusema bila kumsemesha mtu: unauambia upepo. Eugène akaliambia bomba la moshi, lililokuwa jirani na uso wake.

"Kama kungekuwa na muntu humu ndani mwenye moyo wa kusaidia," alisema, "muntu huyo angekanyaga."

Pedali ikashuka mara moja. Eugène akafurahi.

"Na kama muntu huyo angekuwa na uvumilivu, asingetoa guu, angeendelea kulala pale pale chini mupaka…"

Fyuu. Sentensi ilikuwa ndefu kuliko mguu wa binadamu yeyote.

Kuku mmoja akaja, akalichungulia kopo, akaenda zake. Kisha sauti ikatoka ndani ya gari. Haikusemwa kwa Samira, wala kwa ukuta wa jiko. Ilisemwa kwa sakafu.

"Mukwe."

Eugène alijigonga kichwa kwenye chuma.

"Mukwe, ile maneno yako ya 'kama kungekuwa' ndiyo iko inaingiza upepo."

Samira akashika mashavu.

"Mama…" Eugène alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitupa neno lile moja kwa moja. "Mama, unisamehe. Mi siwezi."

"Hauwezi nini?"

"Kukutuma."

"Nani anakutuma kunituma? Tuma guu." Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu anayepanga kuni. "We uko chini, mi niko juu, katikati iko gari. Uko unaniona?"

"Hapana, mama."

"Na mi sikuoni. Basi desturi iko muzima. Mutoto wangu iko kule mulimani na mutoto wake. Ita!"

Eugène akalamba midomo. Alikuwa amepita vizuizi vya askari vya kila aina na hakuwahi kuogopa hivi.

"Kanyaga," alisema.

"Unaita kama muntu anaiba mayai."

"Kanyaga."

"Sikii!"

"KANYAGA!"

Kuku wote wakakimbia. Pedali ikashuka kwa nguvu hata jipu likainama.

"SHIKA!"

"Nimeshika!" sauti ikajibu kutoka juu, na kweli mguu ulikaa, umetulia kama jiwe la mafiga. Povu likatoka lote, likageuka mafuta matupu. Eugène akafunga skrubu bila haraka, kwa raha.

"ACHIA!"

"Nimeachia!"

Samira akapiga vigelegele, akisahau mguu wake, kisha akaukumbuka, akapiga yowe. Hakuna aliyemjali. Mkwe na mama mkwe walikuwa wameanza kazi. Kanyaga, nimekanyaga, shika, nimeshika, achia, nimeachia. Baada ya gurudumu moja waliacha kupaza sauti, kwa kuwa hapakuwa na haja. Kwenye gurudumu la pili Eugène alijikuta anafungua skrubu wakati uleule mguu unaposhuka, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja na michi haigongani. Aliyekuwa anajua kikohozi cha mama tu, sasa alijua pumzi yake. Alijua kwamba kabla ya kukanyaga anavuta hewa, na kwamba akiachia anasema "haya" kwa sauti ndogo.

"Mukwe," ikaja sauti walipokuwa kwenye gurudumu la mbele.

"Mama."

"Ile tiyo… iko inanuka?"

Uongo ungekuwa adabu. Eugène aliufikiria uongo huo, akauona hautoshi kwa mtu aliyempa jembe lake.

"Iko inanuka kidogo, mama. Lakini ni harufu muzuri. Mi nilisema zamani, kule kwenye kilio: mikono yenye kuipika ibarikiwe."

Samira akajiingiza ncha ya kitenge mdomoni.

"Nilisikia," sauti ikasema. "Nilikuwa nyuma ya ukuta." Halafu, baada ya kidogo: "Isilewe tu kule kwenye kona."

Eugène alicheka mpaka ufunguo ukamwangukia kifuani. Na juu yake springi za kiti zikaanza kulia, nyi-nyi-nyi, zikimwonyesha kwamba na huko juu mtu alikuwa anacheka, mtu mzito, ambaye hakuwa amecheka tangu Lubondja.

"Vita ikiisha nitakutafutia ingine," alisema alipopata pumzi. "Ndefu kupita hii. Mama, aksanti."

"Achia hiyo," mama akasema. "We niletee batoto yangu."

Mafuta ya mwisho aliyamimina kwa ajili ya gurudumu la mwisho, akiikamua chupa mpaka tone lililoning'inia mdomoni likaamua kuanguka. Hapakuwa na jingine. Kama hewa ilikuwa imebaki, ingebaki. Akalala tena chali.

"Kanyaga."

Hakusikia pedali ikishuka. Akafikiri hakusikika.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga," sauti ikasema, kwa mshangao. "Haishuki."

"Haishuki aje?"

"Iko ngumu. Kama chikichi yenye imemaliza kutoa mafuta yote. Guu inakataliwa."

Eugène akafumba macho, akatabasamu kwenye giza lile la chuma na udongo. Hakutoka chini ya gari mpaka aliposikia nyayo zimefika jikoni na mlango umefungwa.

Jumamosi walipanda. Mama alikaa nyuma pamoja na ndizi na mikeka ya wagonjwa, na kati yake na dereva palining'inia turubai la kijani alilolifunga Eugène mwenyewe kwa uangalifu. Kupanda, Mungu alisaidia, kama kawaida yake. Huko Fizi, Constance alitoka mlangoni amekonda, anatembea polepole, anacheka, na Eugène alipopewa lile furushi lenye nywele nyingi alilia mbele za watu wote bila kujificha. Mama alimshika binti yake nyuma ya nyumba, mukwe asipokuwapo, na huko nako kulisikika kilio na vicheko. Mtoto alizunguka mikono ya wanawake wote wa pale kabla ya kurudi.

Wakashuka mchana. Constance alikaa mbele na mtoto, wagonjwa wawili wakalala nyuma pamoja na mama. Kona ya kwanza ilipofunguka, na bonde likaonekana chini upande wa mlango wake, alimkumbatia mtoto na kufunga macho.

"Kanyaga!" sauti ikalia kutoka nyuma ya turubai.

"Nimekanyaga!" akajibu Eugène.

Jipu likainamisha pua, likatulia, likatii.

"Shika!"

"Nimeshika, mama!"

"Haya, achia sasa, utaichoma!"

Constance akafungua macho. Akamtazama mume wake, akalitazama turubai, akamtazama tena mume wake. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Muko munasemeshana?"

"Ni kazi ya gari," Eugène alisema, masikio yamemuwaka.

"Ni gari," sauti ikathibitisha kutoka nyuma.

Wakashuka hivyo, kona kwa kona, na ilipofika kona ya nne wagonjwa nao walikuwa wanaitikia. Mmoja aliyekuwa hajala tangu jana aliomba ndizi. Constance alicheka mpaka akashika kidonda chake na kuwasihi wanyamaze.

Walipofika tambarare, ziwa likatokea mbali, jeupe kwa jua. Moyo wa Constance ulikuwa umejaa. Alifikiri kilichokuwa kimefungwa kimefunguka. Akainua ncha ya turubai, akamgeuza mtoto ili bibi yake amwone vizuri kwenye mwanga.

Papo hapo Eugène akakaza macho barabarani na shingo yake ikawa kama mti. Nyuma, mama akajifunika kichwa chote kwa kitenge.

"Achia," sauti ikasema polepole kutoka ndani ya kitenge.

Constance akaachia. Turubai likarudi mahali pake, gari likaenda kidogo, likavuka shimo ambalo watu wa salongo walikuwa wameliziba kwa mawe.

"Mukwe."

"Mama."

"Huyu mutoto. Amefika kwa baba yake. Ataitwa nani?"

Eugène alikuwa nalo jibu tangu chini ya gari, alipokuwa amelala anasubiri mguu. Alishusha mwendo. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala na ngumi zake mbili zimefungwa.

"Ataitwa ile jina," alisema, "yenye mi siwezi kutaja."

Constance akageuka taratibu. "Na we utamuita aje?"

"Nitamuita Mama."

Jipu lilikwenda, vumbi likapanda, na ziwa likazidi kuwa pana mbele yao. Kisha Eugène akasikia, kwenye bati la sakafu nyuma ya kiti chake, mguu wa mama ukikanyaga mara moja, kwa nguvu, na kushika.